Bunduki Chini ya Vileja

Ndugu msomaji, kama umeoa na unacho kitu unachokipenda ambacho mwenzio haoni maana yake, sogea hapa tufarijiane. Changu mimi ni bunduki ya upepo. Usishtuke. Hapa Birmingham tunakoishi, bunduki ya aina hii haidai leseni maadamu nguvu yake haivuki futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Uskochi ni habari nyingine. Huko tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti cha polisi. Waziri wa Mambo ya Ndani, ndiye mama watoto, aliposikia hivyo aliuliza kama kodi za nyumba za Uskochi ni ghali sana.

Yenyewe ni Weihrauch HW35, ya Kijerumani, ya zamani, chuma kitupu na mti. Haina baruti wala mtungi wa gesi. Unaukunja mtutu kwenda chini, pistoni inarudi nyuma ikiibana springi mpaka inanasa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiwa, pistoni inachomoka mbele, na hewa iliyobanwa ghafla inaitimua risasi. Utamu uko hapo. Karaha nayo iko hapo hapo, maana springi ikiachiwa hutetema, na ikitetema hulia. Ya kwangu ililia kama kitanda cha gesti ya stendi. Maneno hayo si yangu. Ni ya shemeji yangu, Fundi Simu, mdogo wake Waziri, ambaye kila ufundi alionao kaupata kwenye simu. Aliyatamka mbele ya mama mkwe, sote tukabaki tunalitazama zulia.

Tena huyo mama mkwe ndiye tunayemwita Bi Sikio akiwa mbali, na kwa masikio yake mbali ni nyumba ya nne kwenda mbele. Alikuja kutusalimia kipupwe kimoja, cherehani yake mkononi, na sasa hata maua ya bustani yanamtambua. Simlalamikii. Nyumba ina pilau kila Ijumaa.

Basi nikaamua kuitibu ile kelele. Watu hudhani kuitengeneza bunduki ni kuiongezea nguvu. Fundi Simu alitaka tuitie springi ya kibabe. Nikamweleza kwamba ikivuka ile 12 inakuwa silaha ya moto mbele ya sheria, na kuiweka bila cheti ni kesi. Zaidi ya hayo, springi kali mno huongeza teke kuliko inavyoongeza mwendo. "Kwa hiyo shemeji, unahangaika ili iwe vile vile?" Ndiyo, bwana. Iwe vile vile, lakini inyamaze.

Meza pekee imara ni ya jikoni. Nikaleta jiliwa refu la seremala, maana kile kizibo cha nyuma kinasukumwa na springi, na ukikifungua kizembe kitakutoboa kifua. Nikakilegeza polepole, springi ikatoka. Nikaiviringisha mezani: iliyonyooka huenda sawa, iliyopinda huyumba. Yangu iliyumba, ikaendelea kuyumba, ikaingia kwenye unga wa chapati.

"Baba Nasra!"

"Abee, mama."

"Hiyo meza ya nini?"

"Ya chapati, mama."

Nikahamia ukumbini, nusu ya vifaa nyuma yangu. Springi mpya nikaitia kijiti cha plastiki cha kuiongoza, kilichokaza kiasi kwamba haina pa kutetemea. Pistoni nikaipaka grisi nyeusi ya molibdenamu, safu nyembamba tu. Grisi hiyo, ndugu yangu, ina tabia za mgeni asiyeaga. Ilikuwa kwenye pistoni, ikaonekana kwenye rimoti, ikaonekana kwenye shavu la paka. Kopo lenyewe likatoweka. Kumbe Bi Sikio kaona kitu kinanyamazisha vyuma, akakipeleka kwenye cherehani. Cherehani ikanyamaza kweli. Shela ya arusi ya jirani yetu Msomali ikatoka na mstari mweusi kutoka kisogoni hadi sakafuni.

Huku nyuma Fundi Simu alikuwa bado na uchu wa nguvu. Nimekwenda kumwomba jirani radhi, yeye kaitia bunduki mafuta mepesi kwenye kitundu cha kupitishia hewa. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyomo huwaka, kama injini ya dizeli. Bustani ikapiga mshindo, mdomo wa mtutu ukatoa moshi wa samawati, na Bi Sikio akamaliza Ayatul Kursiy kabla moshi haujatua. Washa ya ngozi ya pistoni iliungua ukingo. Nikaanza upya, sasa kwenye ngazi, ambako hakuna anayekanda unga.

Sasa inapiga mtwango mmoja mkavu, basi. Umebaki mkasa wa kabati. Sheria inamtaka mwenye bunduki kuchukua tahadhari ili wa chini ya miaka 18 wasiifikie, nami nikanunua kabati la chuma lenye kufuli nzito. Mwanetu wa mwisho, tunayemwita Panya kwa jinsi anavyonusa biskuti popote zilipofichwa, akalishughulikia siku nzima asiambulie kitu. Waziri alikuwa pembeni anatazama. Kesho yake ufunguo ukawa shingoni mwake, na kabatini mkahamia vileja vya Idi, halua ya Zanzibar, korosho za wageni, pasipoti na simu ya Nasra wakati wa mitihani. Bunduki ikasimamishwa kwenye kona, imefungwa kanga isije ikachafua.

Jumapili nikitaka kwenda klabuni napiga hodi kama mwombaji.

"Unataka bunduki au vileja?"

"Bunduki, mama."

Anafungua mwenyewe, anahesabu vileja, ananikabidhi bunduki, anafunga. Klabuni Waingereza wameisifu sana inavyonyamaza. Wananiuliza grisi ile yenye harufu ya iliki inauzwa duka gani.