Mwanafunzi Wangu Mangi

Kazi zote za darasa langu la kompyuta hapa Wasso zimetumwa na mtu mmoja, naye si mwanafunzi wangu. Ni Mangi wa steshenari.

Fomu ya Google yenye sehemu ya kupandisha faili humtaka mtumaji aingie kwanza kwa barua pepe yake. Vijana wangu barua pepe wanazo, nywila ndiyo hawana: waliofunguliwa na binamu, binamu kaenda Arusha nayo. Wengine simu zao ni za kitochi. Basi wakabeba flashi mpaka kwa Mangi, ambaye kompyuta yake haijatoka kwenye akaunti yake tangu ainunue. Jioni ya mwisho foleni ilifika barabarani. Haikuwa ile ya mwaka 2011, magari yalipopangana kwenda Samunge kwa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Lakini mama mmoja muuza maziwa alisimama akauliza kama kuna dawa mpya.

Sasa, Google hubandika jina la mtumaji mwishoni mwa jina la faili. Excel nayo, faili usipolipa jina, huliita Book1. Nikafungua folda: Book1 Mangi, Book1 Mangi, Book1 Mangi, mpaka chini. Sehemu ya "Jina kamili" ingeniokoa, ila wengi walijaza Saning'o, wakaishia hapo. Mmoja alijaza: "Ni mimi, mwalimu."

Kazi yenyewe ilikuwa hesabu ya mbuzi waliouzwa mnadani. Bei ya mbuzi vijana wa huku wanaijua hata usingizini, na wanaiandika kama tunavyoandika sote kwenye risiti: 90,000/=. Excel ikiona ule mkia, bei nzima inaihesabu kuwa maneno, na SUM haijumlishi maneno. Kwa hiyo mbuzi wameuzwa wote, wanono, jumla sifuri. Kijana mmoja, mtoto wa mfugaji, alifuta sifuri, akaweka jumla sahihi aliyoipiga kichwani, kisha akaandika pembeni: "Mwalimu, hii mashine isipelekwe mnadani." Nilimpa maksi zote. Mwongozo wa usahihishaji ulidai fomula, lakini mwongozo haujawahi kuuza mbuzi.

Nikabonyeza kutuma maksi. Nazo huenda kwenye barua pepe ileile iliyoleta kazi.

Asubuhi Mangi akapiga simu. "Mwalimu, habari za kuamka. Hii arobaini umenipa kwa haki kweli?"

Nikamwambia si yake, ni ya Saning'o.

"Saning'o yupi?"

Nikasingizia mtandao, nikakata.

Jioni nilipopita dukani kwake, ubao wa bei ulikuwa umeongezewa mstari, chini ya fotokopi na picha za pasipoti: "Matokeo ya Mwalimu, 500/=."