Limegusa Tu

Kiriri ni mtaa wa wenye uwezo. Nyumba zake zinatazama Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Ila tangu mafuta yaadimike Bujumbura, mali kubwa ya kule juu si nyumba wala mandhari, ni mteremko. Mtu mwenye gari Kiriri, hata mshale wa mafuta ukiwa umelala chini, bado ana safari: anazima injini, anaweka gia huru, anaachia breki ya mkono, na mlima unamshusha hadi mjini bila kumdai hata tone.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni bingwa wa mtindo huo. Asichotaka kuambiwa ni kwamba injini ya Carina Ti yangu haina kazi moja tu ya kuzungusha magurudumu. Ndiyo inayozungusha pampu inayolainisha usukani, na ndiyo inayoipa breki nguvu. Ukiizima, breki inakuvumilia mara moja au mbili, halafu inakuwa kama unakanyaga ukuta. Usukani nao unageuka kazi ya watu wawili. Basi kwenye kona, gari likiwa katika mwendo ambao bibi mwenye fimbo angelipita na kulisalimia, shemeji akakata kona, usukani ukakataa, na gurudumu la mbele la kulia likapanda ukingo wa barabara.

La kulia! Burundi tunapita upande wa kulia, lakini magari yetu mengi yanatoka Japani na usukani wake uko kulia. Dereva anakaa karibu na mtaro. Akitaka kulipita lori, ni lazima amuulize abiria kama mbele kuko salama. Lakini ukingo uko chini ya kiwiko chake, angeweza kuupapasa. Na Machi 2022, pikipiki, baiskeli na tuktuk zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, hata kile kisingizio chetu cha zamani, cha kumkwepa mtu wa baiskeli, kiliishiwa nguvu.

"Limegusa tu," aliniambia huku akinikabidhi funguo na mkate. Mkate ndio ulionitia wasiwasi, kwa maana shemeji hajawahi kuniletea mkate.

Majirani wakaja kutazama. Walipapasa bampa, wakahesabu taa, mmoja akalowesha kidole akasugua mkwaruzo uliokuwepo tangu gari linanunuliwa. Hukumu ikatoka bila mabishano: gari zima. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwetu kwa shughuli nitakayoieleza, alifunga mjadala. "Mwanangu anajua kuendesha," alisema. "Ingekuwa mwingine, gari lingekuwa ziwani."

Nimeishi na magari ya mitumba muda wa kutosha kujua kwamba baraza la majirani hukagua uso, na ukingo wa barabara hauna ugomvi na uso. Bampa liko juu ya ukingo. Kinachopigwa kwanza ni tairi. Tairi linaipa rimu pigo, rimu inalipitisha kwenye fimbo nyembamba ya chuma inayounganisha usukani na gurudumu, na fimbo hiyo, ikipigwa gurudumu likiwa limekatwa kona, inaweza kupinda kiasi kidogo tu ambacho jicho halioni. Kidogo hicho kinatosha. Magurudumu mawili ya mbele yanaacha kukubaliana yanakokwenda.

Asubuhi yake nilipata ushahidi. Nilikuwa nakwenda moja kwa moja, barabara imenyooka, lakini usukani mikononi mwangu umeinama kana kwamba nakata kona ya kwenda Gatumba. Shemeji, kiti cha pembeni, hakutikisika. "Barabara ndiyo imeinama," alisema. "Wamejenga hivyo ili maji yaingie mtaroni." Kuna ukweli ndani yake, barabara nyingi huinamia pembeni, na huo ndio ubaya wa mtu aliyesoma kidogo. Ikabidi nitafute uwanja tambarare, nizunguke na kurudi upande wa pili. Uwanja ulikuwa sawasawa. Usukani uliendelea kutamani Gatumba.

Siku chache baadaye, ubavuni mwa tairi pakachomoza uvimbe wa ukubwa wa yai. Ndani ya ubavu wa tairi kuna nyuzi zinazoishikilia hewa. Zikibanwa kati ya rimu na jiwe zinakatika huku mpira wa nje ukibaki mzima, na hewa inajitafutia njia taratibu. Ndiyo maana jeraha la leo huonekana wiki ijayo, wakati mkosaji ameshakula mkate wenyewe. Mama mkwe alishauri tupunguze upepo ili uvimbe ushuke.

Sasa ile shughuli. Tulikuwa tupeleke mahari Gitega, na mwoaji alikuwa shemeji huyu huyu. Anayejua njia ya Gitega anajua RN1: unapanda kutoka ziwani hadi Bugarama kwa kona juu ya kona, huku vijana wa baiskeli wamejishikiza nyuma ya malori, na wengine wanashuka wakiwa na mizigo ya ndizi inayowazidi wao wenyewe. Si barabara ya kupandisha tairi lenye yai na usukani wenye mawazo yake. Nikasema hatuondoki kabla ya kwenda Buyenzi kwa fundi.

Fundi wa Buyenzi hakugusa bampa hata kidogo. Alinyanyua gari kwa jeki, akashika gurudumu kulia na kushoto, akalitikisa, likacheza. Akalishika juu na chini, likatulia. "Rotuli ya chini nzima. Ya usukani imekufa, na fimbo yake imepinda," alisema, rotuli zikiwa viungo vinavyolishika gurudumu. Kisha akaweka msumari karibu na rimu, akazungusha gurudumu, na msumari ukawa unagusa, unaachwa, unagusa, unaachwa. Rimu nayo ilipinda, kwa ndani, ambako hakuna jirani aliyeinama. Mwisho akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima kwa rula.

"Nani aliendesha?" aliuliza.

"Liligusa tu," alisema shemeji.

Fundi alimtazama kwa huruma ya daktari anayeambiwa na mlevi kwamba alikunywa moja.

Alibadilisha fimbo kwa nyingine ya mtumba, akagonga rimu, akatupatia tairi lililochoka lakini lisilo na yai, akarudia uzi wake wa paralelisimu, kuhakikisha magurudumu yanakubaliana. Likabaki jaribio la barabarani, na mafuta hayakuwepo. Hapo Buyenzi ikanionyesha ustaarabu wake: vijana wanne wakalisukuma gari, fundi ndani, mikono yake juu ya kichwa ili mtaa mzima uone hashiki usukani. Carina ikaenda imenyooka mbele ya wauza maandazi, mzee mmoja akiiombea dua, mpaka mbuzi akaamua kuvuka.

"Sawa," fundi alisema, akifuta mikono. "Nani analipa?"

Shemeji akaeleza kwamba fedha zake zote ni za mahari, na mahari haiguswi. Nikamgeukia mama mkwe, nikitumaini haki ya kimama. Alinitazama kwa upole ambao sijauona tangu siku ya ndoa yangu.

"Mkwe wangu," alisema, "hivi yule ng'ombe wa mahari uliyembakiza kwetu, uliwahi kumleta?"

Kukawa kimya. Vijana wanne walisogea karibu wasikie.

"Kwa hiyo," fundi akaniuliza, simu mkononi, "Lumicash au ng'ombe?"