Nasaba ya Chuma

Duka la vitu vya kale, Malindi ya Unguja, hatua chache kutoka bandarini. Mwenye duka amekwenda kuswali adhuhuri. Ukutani umetundikwa Upanga wa Kiomani, umenyooka, makali pande mbili. Mezani umelazwa upanga wa Kijapani, ambao hapa tutauita Katana kwa kuwa kibandiko chake ndicho kinachosema hivyo. Paka ametoka dikoni, kashiba samaki, na paka aliyeshiba hupenda kubishana.

KATANA: Shikamoo, mzee, ingawa kwa haki wewe ndiye wa kuniamkia mimi. Kibandiko changu kinasema "Katana ya samurai, miaka 400". Chako kinasema "Upanga wa Kiarabu", basi. Hakuna mwaka, hakuna mhunzi.

UPANGA: Marahaba, mwanangu. Kibandiko huandikwa na anayetaka kuuza. Mimi sihitaji karatasi. Mwomani hujulikana kwa kumtazama tu.

PAKA: Yakhe, nyote wawili mmeanza pabaya. Chuma hakiulizwi jina lake, hukaguliwa mwili. Wajapani wenyewe wanalijua hilo: mhunzi wao hutia saini kwenye msuka, sehemu inayojificha ndani ya mpini, na kwa kuwa saini inalipa, za kughushi ni tele. Kotetsu, mhunzi wa karne ya 17, ameghushiwa mno hata mjuzi akiliona jina lake huanza kwa kushuku. Kwa hiyo mjuzi huvua mpini akatazama kutu ya msuka. Kutu iliyojijenga kwa karne haiigizwi kwa wiki moja, na anayeisugua kwa msasa ili ing'are amemfukuza shahidi wake mwenyewe. Haya, Bwana Katana, tukukague. Mpini wa upanga wa kale hushikizwa kwa kijiti cha mwanzi. Wako umekazwa kwa skurubu. Wa kale hufunikwa ngozi ya taa, juu yake ukasukwa uzi. Wako ni aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ili ionekane kama uzi. Na hapo shingoni pana namba iliyogongwa kwa mashine. Hizo ni dalili za panga walizopewa masajenti wa jeshi la Japani, za muundo wa 1935. Samurai walikatazwa kujifunga panga mwaka 1876. Umechelewa miaka 59.

KATANA: Unanihukumu kwa nguo! Maafisa wengi walikwenda vitani na panga za mababu zao zilizotiwa mpini wa kijeshi. Chuma cha kale kinaweza kukaa ndani ya gamba jipya.

PAKA: Hoja hiyo ni kweli, na ni nzuri kuliko aliyeitoa. Ndiyo maana upanga wa afisa hautupwi kabla haujavuliwa mpini. Lakini wewe hukuwa wa afisa, na namba yako haiko kwenye mpini, iko kwenye chuma chenyewe. Kinachonisikitisha ni jambo jingine. Mwenye duka husimulia kwamba uliletwa na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Burma, na hilo linaingia akilini, kwa sababu Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw mwaka 1944. Angeandika "upanga wa sajenti, umetoka Burma na askari wa Kiafrika", ungekuwa na historia ambayo panga nyingi za samurai hazina. Amekuvua kisa chako akakuvika cha watu.

UPANGA: Ha! Mimi sina skurubu wala namba. Ni Mwomani tangu msuka hata ncha.

PAKA: Polepole, babu. Geuka kidogo. Mifereji hii mitatu ubapani, na huyu mbwamwitu aliyechorwa kwa mistari michache, vinatoka wapi? Mbwamwitu alikuwa alama ya wahunzi wa Passau, Wajerumani. Wa Solingen wakaiiga kwa sababu inauza, kisha wahunzi wa Kaukasi nao wakawaiga wa Solingen. Kwa hiyo alama yako haithibitishi hata Ujerumani. Inathibitisha tu kwamba kuna mtu aliyejua wateja wanapenda mbwa gani. Fedha ya mpini wako huenda ni reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa, na reale nayo ni bingwa wa kudanganya: zote zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa zaidi ya miaka 100 baada ya malkia mwenyewe kufa. Tarehe iliyoandikwa juu ya kitu ni neno la kitu hicho kujisema chenyewe.

UPANGA: Sawa, chuma changu kimevuka bahari. Lakini katika bahari hii ubapa ulikuwa bidhaa kama jora la kitambaa. Uliingia ukiwa mtupu, ukatiwa mpini na sonara wa huku, ukashonewa ala na fundi wa ngozi wa huku, ukabebwa begani na mtu wa huku, ukachezeshwa kwenye razha, ngoma ya panga. Mpini wangu hauna kikingio cha mkono, kwa kuwa aliyenishika alikuwa na ngao ndogo ya ngozi mkono wa pili. Ubapa wa Mjerumani haujui hayo. Anayetafuta upanga "halisi" wa Zanzibar usiochanganyika anatafuta kitu ambacho bandari hii haikuwahi kukitengeneza. Mchanganyiko ndio asili yangu.

KATANA: Hapo mzee amefungua mlango mpana. Kama mchanganyiko ndio asili, basi na fundi aliyechukua springi ya lori jana akaitia mpini wa zamani naye ametengeneza upanga halisi wa Zanzibar.

PAKA: Hapana, na tofauti inaonekana kwa macho. Kuna kuunganisha ili kitu kitumike, na kuna kuunganisha ili kiuzwe. Kilichotumika huchakaa pasipo usawa. Tazama nakshi za mpini wa mzee: chini ya kiganja zimefutika, pembeni bado ni kali. Pete za ala zimelika upande mmoja, upande wa mkanda. Ubapa umepungua upana karibu na ncha kwa kunolewa na kunolewa tena. Cha kuuziwa mgeni huzeeka sawasawa kila mahali, maana kimezeeshwa kwa siku moja, ndani ya ndoo moja.

KATANA: Na mwenye duka ale nini? Mteja anataka kisa, hataki pete zilizolika.

PAKA: Ale, nami nile kwake. Lakini jina la uongo haliishii kwa mteja. Richard Burton alikaa Unguja mwaka 1857, akaziona panga za hapa kwa macho yake. Hata hivyo, kitabu chake cha historia ya upanga, cha 1884, kina mchoro wa panga zenye mpini wa umbo la H, zikiitwa za Zanzibar. Wajuzi wa baadaye wamezitambua kuwa ni za Morocco! Jina lilishachapishwa, na wakusanyaji walilirudia miaka mingi. Ikiwa aliyepita vichochoro hivi aliweza kukosea hivyo, basi mzungu wa meli ya leo, mwenye saa 2 tu za kununua, ana kinga gani? Anaweza kuondoka na "samurai" wa 1935 kwa bei ya gari, akamwacha mzee ukutani kwa sababu mbwa wake ni Mjerumani.

UPANGA: Basi huyu kijana afanye nini mteja akiingia?

PAKA: Asiseme neno. Namba yake inajieleza yenyewe.

KATANA: Haitaeleza kitu. Mwenye duka ameibandika bei juu yake.