T ni Nani?

Mfumo wa SACCOS una majedwali mengi kuliko watu wanaohudhuria mkutano mkuu: wanachama, hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho, faini. Na kila jedwali linadai kazi zilezile nne: ingiza, soma, badilisha, futa. Ofisini tulikuwa tunaandika za wanachama, tunazinakili, tunazibandika kwenye mikopo, tunabadilisha jina. Mpaka mzee mmoja alipoomba taarifa ya akiba akapewa orodha ya faini. Jina la jedwali lilikuwa limebaki la zamani ndani ya sentensi ya SQL, na kompaila, pamoja na ukali wake wote, haisomi SQL. Kwake hayo ni maandishi tu.

Nikasema basi, tuandike mara moja kwa wote. Java imeruhusu hilo tangu toleo la 5, mwaka 2004: unaandika klasi moja, mahali pa aina unaweka herufi T, na atakayeitumia ndiye atasema T ni Mwanachama au ni Mkopo. Ikatoka fupi, imenyooka, nikamwita mwenzangu aione. Akaitazama weee, kisha: "Kaka, sasa hiyo T inasomwa kutoka jedwali gani?"

Sikumpenda mchana ule wote.

Kompaila ya Java ni kama mlinzi wa geti la wizara: huingii bila kuandika jina, unakotoka na unayekwenda kumwona. Jaribu kupenyeza Mkopo kwenye orodha ya Wanachama uone. Lakini ukishapita tu, anauchana ule ukurasa wa daftari. Programu inapoendeshwa, orodha ya mikopo na orodha ya wanachama zote ni orodha basi, T imeshafutwa. Waliamua hivyo kusudi, ili programu za zamani ziendelee kuishi na mpya. Nazipongeza programu za zamani. Mimi nililazimika kuikabidhi ile klasi Mkopo kwa mkono, katika mstari uleule ambao tayari umeitaja Mkopo.

Halafu majedwali yenyewe yakaanza visa. Wadhamini hawana namba moja. Ufunguo wao ni mkopo pamoja na mwanachama, kwa hiyo T ikaongezewa mwenzake K. Kwenye marejesho, mama mhasibu akaja juu: "Mwanangu, nani kakwambia hela inafutwa? Hela inaandikiwa ya kuirudisha!" Kazi ya nne ikapigwa marufuku huko. Klasi ya wote ikawa imejaa "isipokuwa".

Kisa cha salio ndicho kilichonitoa jasho. Mkopo mpya, kabla haujakokotolewa, salio lake kwenye hifadhidata ni NULL, yaani halijajulikana. Ukilisoma kwa getLong ya JDBC, unapewa 0, na hakuna kosa linalotangazwa. Ni juu yako kuuliza baadaye, kwa wasNull, kama ile sifuri ilikuwa sifuri kweli. Klasi yangu haikuuliza. Na mfumo wetu, ukiona salio ni 0, hutuma barua ya pongezi kwa kumaliza deni.

Bwana mmoja aliyekopa wiki hiyohiyo akafika kaunta na barua yake, ametia shati la Ijumaa, anauliza kama sasa anaruhusiwa kukopa mara mbili ya ule wa mwanzo. Mama mhasibu akaangalia kwenye kompyuta.

Anaruhusiwa.