Senene kwenye Tofaa

Sebuleni kwa baba mkubwa, Kamachumu, kompyuta inavaa vizuri kuliko mimi. Kioo kina kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kibodi ina chake, na lile sanduku tunaloliita sipiyu limefunikwa kitambaa kirefu chenye marinda, utadhani ni altare siku ya Pasaka. Kitambaa cha namna hiyo ndicho kilichoiua sipiyu iliyotangulia. Fundi alipoifungua alikuta feni imeganda kwa vumbi na nyuzi, akatangaza kwamba marehemu amekosa hewa. Baba mkubwa akanunua nyingine, mama mkubwa akafuma kitambaa kingine, safari hii chenye matundu makubwa zaidi.

Baba mkubwa hataki kusikia habari za laptopu. Alikuwa mhasibu Dar es Salaam miaka ya 70, na kwake yeye kompyuta ni ile iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ya kwanza nchini, iliyotengewa chumba chake. Anakumbuka pia mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya kuona fedha zinakwenda lakini kazi haiendi. "Kitu kilichowahi kupigwa marufuku na serikali nzima," husema, akinyooshea kidole begi langu, "hakiwezi kuwa chembamba hivyo."

Siku nilipomwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu hiki changu kinaitwa kompyuta mpakato, mambo yakaharibika zaidi. "Anayepakatwa ni mtoto," akasema. "Na hata mtoto, akifika miaka mitatu tunamweka chini."

Mpwa wangu alijaribu kumtisha kwa njia nyingine. Alimweleza kwamba Windows 7 iliyomo kwenye sanduku lake Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, kwa hiyo imestaafu. Baba mkubwa akavua miwani. "Mimi nimestaafu 2004. Leo asubuhi nani kakata migomba?"

Mara moja tu nilidhani nimemshinda. Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipotupiga Kagera, nyumba zikaanguka na watu wakapoteza maisha, mimi nilijikuta nje ya nyumba yangu na laptopu kwapani, sijui hata niliichukua saa ngapi. Miezi kadhaa baadaye, hofu ilipopungua, nikamtania: baba, ungewezaje kukimbia na hilo sanduku, na kioo, na waya zote zile? Akanitazama muda mrefu. "Wewe ulitoka na kompyuta," akasema. "Mimi nilitoka na mama yako mkubwa."

Sikulirudia swali hilo.

Huyo mpwa, anayefundisha sekondari Muleba, ni wa kambi ya ThinkPad. Ni ile nyeusi, nzito, yenye kidude chekundu katikati ya kibodi kama punje ya kahawa iliyoiva. Yake ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na kwa mtu anayeishi mahali ambapo mawingu ya ziwa yakitanda tu umeme unaaga, betri mbili ni sawa na kuwa na wajomba wawili. Amewahi kuimwagia rubisi kibuyu nusu. Akaiinamisha, rubisi ikatokea chini kwenye vitundu ambavyo watengenezaji waliviweka kwa ajili ya maji, ikakauka siku mbili, ikawaka. Tangu siku hiyo inanukia ngoma ya harusi na yeye anaihubiri kama dini. Windows aliing'oa akaweka Linux. Nikimuuliza kwa nini, ananipa somo la dakika 40, na kengele hailii.

Mimi ni mtu wa Bukoba mjini, na lazima niseme ukweli juu yetu Wahaya. Nchi nzima inatuita nshomile, yaani "nimesoma", kwa madai kwamba Mhaya hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutaja chuo alichosoma. Ni uzushi. Lakini siku nilipoona MacBook Air ya mtumba, iliyotoka Kampala ikavushwa Mutukula, yenye tofaa linalowaka mgongoni, niliona imeandikwa jina langu. Nilikwenda nayo kwenye kikao cha kwanza nikakaa nikitazama watu, ili tofaa litazame watu pia. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Haikuwa lazima tena.

Chaja ilidumu wiki tatu.

Hapa ndipo ningependa kuwashauri wanaobishana kuhusu kompyuta bora waweke chini habari za kasi na ukubwa wa memori, waanze na chaja. Mtaani kwetu ukiwa na HP za miaka ya karibuni, unaazima ya pini ya bluu katika nyumba ya tatu. Ukiwa na Dell, unaazima ya pini nene yenye sindano katikati, na kila ofisi ina mbili. ThinkPad ya mpwa inatumia ile ya mdomo bapa, nayo haikosekani. Zipo hata za kukudanganya: chaja ya HP ya zamani inaingia kwenye Dell bila ubishi, inakaa kama imezaliwa humo, halafu Dell inakuandikia kwamba haimtambui huyu mgeni, na betri haijai hata chembe. Imeingia ndani ya nyumba, lakini ya ukoo mwingine.

Ya kwangu haikuwa na ukoo. Apple walikuwa na chaja ya sumaku, halafu mwaka 2012 wakaleta nyingine ya sumaku, nyembamba kidogo, isiyopatana na ile ya kwanza. Niliagiza Dar es Salaam. Ikasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000, nikaipokea stendi kama napokea posa. Ilikuwa ile ya kwanza. Nikaisogeza kwenye tundu lake, nikaihisi sumaku ikivuta kidogo, ikasita, ikaanguka.

Fundi wangu hapa mjini anakaa kwenye kichumba kilichojaa maiti. HP zimepangwa ukutani hadi darini, Dell ziko chini ya meza, moja imeng'olewa kioo, nyingine kibodi, nyingine imebaki bawaba tu. Nikamuuliza kati ya zote hizi ningenunua ipi. Hakuinua kichwa. "Mzee, nunua ile ambayo makaburi yake yapo karibu."

Kwetu tunazika ndani ya kibanja, kwenye migomba, hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo maneno yake yaliniingia kuliko alivyokusudia. HP ikifa Bukoba inazikwa na ndugu zake, na kesho ndugu mmoja anafufuka kwa figo lake. MacBook ikifa Bukoba imefia ugenini.

Lakini sikununua nyingine, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho, binti wa baba mkubwa, alikuwa anaolewa Desemba na mimi nilikuwa katibu wa kamati. Katibu habadilishi tofaa katikati ya safari. Zile wiki za kukosa chaja nilichapisha orodha ya michango kwenye steshenari moja ya Muleba mjini, ukurasa shilingi 500, kwa dada mmoja mwenye Dell ya mezani ambayo herufi za kibodi zimefutika zote. Chaja sahihi ilipokuja hatimaye, nikaihamishia orodha kwenye MacBook, nikaipamba kwa rangi. Nikachukua pia flashi yangu, ambayo kwa miaka ilikuwa inarudi kutoka steshenari za watu na virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa shotikati, nikaisafisha kabisa kwa mtindo wa Mac. Nilijiona daktari.

Ikaja Novemba. Novemba kwetu ni mwezi wa senene, na asiyejua senene nimwonee huruma. Wanashuka usiku na mvua, wanafuata mwanga, na wanaowavuna kwa biashara huwasha mataa makali na kusimamisha mabati yenye mapipa chini. Usiku ule mji wote ulikuwa giza, umeme umekwenda na radi ya kwanza. Nilikuwa mezani karibu na dirisha namalizia orodha. Nikaihifadhi kwenye flashi, nikaichomoa, nikaiweka mfukoni. Mpaka leo nashukuru na kulaani kitendo hicho kwa viwango sawa.

Nilipotazama juu, niligundua kwamba katika mtaa mzima taa pekee iliyokuwa inawaka ilikuwa mimi. Walitua kwanza kwenye tofaa, mmoja, halafu wawili, wa kijani, wamekaa juu yake kama wamekuja kulinunua. Wakahamia kwenye kioo. Wakashuka kwenye kibodi, ambayo nayo ina taa chini ya herufi. Watoto wa jirani wakasikia, wakaingia na ndoo bila hodi, kwa sababu msimu wa senene hodi husimama. Mmoja akaniambia, kwa adabu zote, "Shikamoo, babu, unaweza kuigeuza itazame nje kidogo?" Nikaigeuza. Ndipo mke wangu akatoka jikoni na kitambaa begani, akaona senene watano wamejipanga kwenye mstari wa juu wa kibodi, wanono, na kwa wepesi ambao sijauona tangu uchumba wetu, akaifunga MacBook.

Ulitokea mlio mdogo, kama unapokanyaga ganda la karanga.

"Watano!" akasema.

Ningesema nini? Zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene na hakuwala. Aliwapeleka kwa mumewe, na mume akajua amependwa. Kioo kilipasuka kutoka kona hadi kona kikawa cheusi, lakini kwa mila zote mimi ndiye niliyefanyiwa jambo jema. Niliwala kwa chumvi. Walikuwa watamu.

Fundi alinitajia bei ya kioo, tena cha kuagiza Kampala, nikamwomba arudie polepole. Orodha ilikuwa imo ndani ya mashine, lakini kuisoma bila kioo kulihitaji waya wa kuiunganisha na kioo kingine, na waya huo nao haukuwa na makaburi Bukoba. Sikujali. Nilikuwa na flashi. Jumapili nikapanda Hiace, Kemondo, Muhutwe, nikashika bodaboda kupanda Kamachumu, nikafika kikao hakijaanza, nikampa baba mkubwa flashi aiweke kwenye sanduku lake wakati mimi nasalimia wazee. Kahawa za kutafuna zilikuwa zinapitishwa. Nikasikia "tk" ya kipanya.

"Ilikuwa inauliza," baba mkubwa akanieleza. Kumbe Windows haikuielewa flashi yenye mpangilio wa Mac, na ikishindwa kusoma kitu hupendekeza kukiformati. "Imeuliza kama niiandae ndiyo itumike. Imeuliza vizuri. Nikakubali."

Nikacheka. Najua wilaya hii ya Muleba si mahali pa kucheka ovyo: mwaka 1962 hapo Kashasha wasichana wa shule walianza kucheka mwezi Januari, kicheko kikaambukiza kikafika hadi Nshamba, shule zikafungwa, na waliochunguza walisema haikuwa furaha hata kidogo, ilikuwa dhiki inayotafuta mlango. Cha kwangu kilikuwa cha aina hiyo. Mpwa wangu aliingia dakika kumi baadaye akiwa na ThinkPad begani, akasikiliza kisa, akasema kwa upole wa mwalimu, "Mjomba, ya kwangu ingeisoma."

Taarifa kwamba orodha imepotea ilipokelewa na kamati kwa utulivu wa ajabu. Halafu mjumbe mmoja akakohoa, akasema anakumbuka wazi kwamba yeye alishamaliza, laki moja taslimu. Aliyefuata alikuwa amemaliza pia. Zamu ilipofika dirishani kila mtu alikuwa amemaliza, na mzee mmoja, ambaye najua hajawahi kutoa hata ahadi, alidai arudishiwe chenji. Kwa hesabu ya kinywa tulikuwa na fedha za harusi mbili. Kwenye kibubu kulikuwa na za matoke na nusu ya ngoma.

Asubuhi yake nilikuwa Muleba mjini steshenari inafunguliwa. Dada yule alikuwa na wateja watatu tayari wakisubiri kutoa kopi. Kwenye kioo cha Dell yake hukuweza kuona picha ya nyuma, kulikuwa na mafaili ya wilaya nzima: wasifu wa marehemu, barua za maombi ya kazi, mihutasari ya vikundi, hati za mauziano ya vibanja. Hajawahi kufuta kitu cha mtu. Nikamuuliza, sauti chini, kama kwa bahati ile orodha ya harusi niliyoileta wiki zile bado ipo.

"Ipo, kaka." Akaifungua bila kutafuta. Ilikuwa na majina yote, na mengine 14 ambayo sikuyaandika mimi, na malipo hadi ya juzi jioni. Yeye pia ni wakala wa pesa za simu. Waliokuwa wakimtumia mwekahazina pesa kupitia dirishani kwake walimwomba awaongezee humo humo, naye akaongeza, kwa sababu watu wanauliza.

"Nani wanauliza?"

"Watu." Akashusha ukurasa hadi kwenye jina langu, akaligusa kwa kalamu. "Lakini na wewe katibu, bado elfu themanini."

Nyuma yangu wale wateja watatu wakaitikia kwa vichwa. Walishaisoma.