Jeni Iliyopewa Tarehe

Mwanafunzi wa sekondari anayeingia kwenye mashindano ya utafiti wa bayoinfomatiki hashiki panya wala chupa ya kemikali. Hana cha kumlipukia usoni. Anapakua data ya jeni kutoka hifadhidata za bure, anaandika programu, anachora grafu, kisha anasimama kando ya bango lake na kuwaeleza majaji alichogundua. Hata ISEF, maonyesho makubwa ya sayansi ya vijana yanayofanyika kila mwaka Marekani, yana kundi zima la kazi za aina hii. Mimi ningependa majaji wa mashindano haya popote yalipo waanze na swali moja: data ilikuharibikia wapi? Asiye na jibu apunguziwe alama, maana ama ana bahati ya ajabu, ama hakutazama.

Ushahidi uko kwa wakubwa wenyewe. Kuna jeni ya binadamu iliyokuwa ikiandikwa SEPT2, yenye kazi katika kugawanyika kwa seli. Ukiiandika kwenye Excel inageuka 2-Sep papo hapo, bila hodi. MARCH1 nayo inakuwa tarehe mosi Machi. Ukishtuka ukaiamuru programu irudishe maandishi, inakupa namba ya tarakimu tano, kwa sababu ndani kwa ndani huhesabu siku tangu mwaka 1900. Sasa huna jeni wala tarehe. Watafiti walionya kuhusu kioja hiki mwaka 2004. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake wakapekua makala 3,597 za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni, wakakuta 704 zina majina yaliyoharibika. Ni karibu moja katika kila tano, na zilikuwa zimeshapita mikononi mwa maprofesa, wahakiki na wahariri. Onyo lilipogonga mwamba, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri. Kufikia 2020 jeni zipatazo 27 zilikuwa zimebadilishwa majina: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani mwili wa binadamu umelazimika kujirekebisha ili usiikwaze programu ya mahesabu ya ofisini.

Na Excel ni mchokozi mmoja tu. Kuna aina ya faili, BED, inayohesabu herufi ya kwanza ya kromosomu kuwa ni 0, na nyingine, GFF, inayoanza na 1. Kijana akizichanganya, anakata DNA herufi moja pembeni. Kwa kuwa herufi husomwa tatu tatu, ATG GCC TAC inageuka TGG CCT AC, na protini iliyopaswa kuanza na methionini inaanza na triptofani. Kompyuta hailalamiki. Inatafsiri, inachora grafu ya rangi nne, na mtoto wa watu anaamini amegundua protini mpya. Ni mpya kweli, haijawahi kuwepo. Kwenye maabara ya kawaida kosa hunuka au humwagika. Huku linatoka limevaa suti.

Wapo watakaosema haya ni makosa ya ukarani, na kijana wa miaka 16 apimwe kwa ubunifu wake. Sawa, lakini ubunifu huo umesimama juu ya safu ileile ya majina. Jeni ikishageuka tarehe, nadharia, hata iwe nzuri namna gani, haitaiona tena. Wengine watasema tatizo limekwisha, kwani tangu 2023 Excel ina mahali pa kuzima ubadilishaji huo. Atakayeuzima ni yule anayejua kwamba kuna cha kuzima, na faili za zamani zenye tarehe zake bado zimo kwenye hifadhi, zinasubiri kupakuliwa. Pingamizi lenye uzito ni hili: mkianza kutoa alama kwa mikasa, wanafunzi wataibuni. Waibuni tu. Kubuni mkasa utakaompita jaji mwenye uzoefu kunataka kujua faili ipi huanza na 0, jenomu ya toleo gani ilitumika, jeni ipi hupotea na hupotelea hatua gani. Kijana anayeyajua yote hayo kiasi cha kuyatungia uongo, mpeni alama zake, kisha mwambieni awafundishe na wahakiki.