Seli ya Nne

Mume wangu alipoingiza ile ndege nyumbani alisema ni ya watoto. Shemeji ndiye aliyeileta kutoka Kampala kwa basi la usiku, akaipakata njia nzima kwa kuwa kondakta alitaka kuisukumia kwenye buti pamoja na majogoo. Ilipofunguliwa, kifungua mimba wetu aliruhusiwa kushika katoni. Kitinda mimba aliruhusiwa kupiga makofi. Rimoti ilikwenda moja kwa moja mikononi mwa baba yao, na hadi leo sijaona mtoto aliyeigusa bila kupigiwa kelele.

Kwa wasiovijua vitu hivi, ni ndege kamili kasoro abiria. Mabawa yake mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, mwili wa povu gumu jeupe, mota ya umeme puani inayozungusha propela ya inchi 10, betri ya lithiamu ya seli tatu tumboni, na vimota vidogo vya kuvuta waya ili mkia na mabawa yageuke. Kati ya betri na mota kuna kidhibiti mwendo, kijisanduku kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani unaposukuma kijiti cha rimoti. Chetu kilikuwa cha ampea 30. Naomba mkikumbuke.

Arua si mahali pa kurusha kitu hovyo. Uwanja wa ndege uko humu humu mjini. Ndege za kutoka Entebbe na zile ndogo za wamisionari zinapita juu ya mapaa yetu zikienda kutua. Tena serikali ina kanuni zake za mwaka 2020 kuhusu vyombo vinavyoruka bila rubani ndani. Nikamwambia, "Baba Watoto, kibali kwanza, na si hapa." Kwa hilo tulikubaliana mara moja, na mambo tunayokubaliana mara moja ni machache. Ikaamuliwa ndege itarukia Koboko, kwenye shamba la mama mkwe, baada ya simsim kuvunwa.

Koboko nako kuna la kwake. Magharibi kuna Kongo, kaskazini ukipita Oraba unaingia Sudan Kusini, na pale Salia Musala nchi tatu zinagusana. Kitu kinachonguruma angani mahali pa namna hiyo lazima kiulizwe kwao ni wapi. Mume wangu akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa walinda usalama, akaonyesha ndege, akaonyesha karatasi, akaeleza kuwa haina kamera. Mwenyekiti akasema hawezi kuruhusu kitu asichokiona kikiruka. Tangu siku hiyo hajakosa hata mruko mmoja, na ndiye mrushaji wetu rasmi: anaishika ndege kwa mkono, anakimbia hatua kadhaa na kanzu yake, anaiachia.

Zile karatasi zilichukua muda, maana mwenye kuzipeleka alikuwa anasahau kupiga picha za pasipoti. Huo muda ndio uliotuponza. Mtu aliyekaa na ndege mpya mezani na haruhusiwi kuirusha huanza kuitengeneza. Wetu aliufungua mkia "kuulainisha" tu, akaurudisha. Waya wa usukani wa mkia akauchomeka upande wa pili wa mkono wa kile kimota. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa ndege, juu imekuwa chini na chini imekuwa juu. Kila mrushaji anajua kwamba kabla ya kuachia unavuta kijiti na kutazama mkia unaelekea wapi. Ni kazi ya pumzi moja. Yeye alikuwa anawaeleza watu namna ya kufanya hivyo wakati mwenyekiti ameshaanza kukimbia. Ndege ikapanda kidogo, mume wangu akavuta kijiti aipandishe zaidi, nayo ikatii kwa kuingiza pua kwenye mashina ya simsim.

"Imetua," alisema kitinda mimba, akapiga makofi kama alivyofundishwa.

Hapo ukaanza msimu wa matengenezo, na matengenezo yote yalifanyika jikoni kwangu. Povu la kuziba pua lilitoka kwenye katoni ya friji, lile la vipunje vyeupe, ambalo nilikuwa nimelitunza kwa sababu zangu. Akalipaka supagluu. Haikupita dakika, kipande kikaanza kujila chenyewe, kikabaki shimo lenye moshi mwembamba na harufu iliyotutoa wote uani. Supagluu ya kawaida haipatani na povu la vipunje, inaliyeyusha. Akahamia gundi ya mbao, ambayo ni nzito na ya polepole lakini ina adabu. Bawa lililopasuka akaliunga kwa vijiti vyangu vya mishikaki, akavipitisha ndani ya povu na kuvizungushia solataipu. Waya uliopinda ukarithiwa na spoki ya baiskeli ya kijana wetu, naye akaenda shule kwa miguu.

Nitasema haki: kazi ilikuwa nzuri. Ila kila kilichoongezwa kilikuwa na uzito wake, na uzito mwingi uliangukia nyuma. Ndege hii lazima isimame sawa ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia ukizidi kuwa mzito haitawaliki, itainua pua, itapoteza mwendo na kuanguka. Dawa ni kuweka uzito puani. Dawa aliyoichagua ilikuwa sarafu za shilingi 200 zilizobandikwa chini ya mota, na kwa muda mrefu nililaumu watoto kwa chenji iliyokuwa ikipotea juu ya kabati.

Basi ndege ikawa nzito mbele, nzito nyuma. Iliruka, lakini kwa kulalamika. Mume wangu akalaumu hewa. Alisema Arua tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na hewa yetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo bawa linabeba kidogo. Hilo ni kweli. Lakini hewa ya Koboko haikuwa imebadilika tangu ndege ilipokuwa mpya. Kilichobadilika ni sarafu, gundi na mishikaki. Dawa ilikuwa kupunguza. Yeye akampigia mdogo wake simu: "Niletee betri ya seli nne."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo hesabu hii naiweka hapa kama nilivyoiandika nyuma ya daftari. Seli moja ya lithiamu huhesabiwa volti 3.7. Tatu ni volti 11.1, nne ni 14.8. Volti zimeongezeka kwa theluthi moja, na mota itataka kuzunguka haraka kwa theluthi hiyo hiyo. Lakini propela inapigana na hewa, na hewa hailipwi kwa mtindo huo. Mzunguko ukiongezeka kwa theluthi, ampea zinapanda karibu mara 1.8, na nguvu yote inayotumika inafika karibu mara 2.4. Ndege yetu ilikuwa inakula ampea 22 ikienda kwa nguvu zote. Zidisha kwa 1.8 unapata karibu 40, zinazopita kwenye kidhibiti cha ampea 30. Wanaojua hupunguza propela wanapoongeza seli. Shemeji alimwambia hivyo hivyo, "Kaka, weka ya inchi 8." Kaka akajibu kwamba hakununua nguvu ili aipunguze.

Jaribio likafanyika sebuleni. Ndege ilifungwa kwa kitenge changu kwenye mguu wa meza, ikawashwa. Kwa sekunde chache ilivuma vizuri sana, nakiri. Pazia likavutwa, karatasi za mtihani wa darasa la sita zikaruka zote, meza ikasogea kuelekea mlangoni na chai juu yake. Kisha kidhibiti kikatoa moshi. Propela ilisimama, lakini ilikuwa imeshaionja ncha ya pazia. Mume wangu aliitoa betri upesi, hilo namshukuru, akakaa chini akakinusa kile kijisanduku cheusi kwa huzuni.

"Mama Watoto," aliniambia, "kumbe tatizo lilikuwa kidhibiti."

Akaagiza cha ampea 60.

Wakati tunakingoja, tulipata funzo la pili. Kuchaji betri hizi ni ibada. Inahitajika chaja inayolinganisha seli moja moja, kila moja isimame kwenye volti 4.2 na isizidi, na mtu awepo anatazama, maana lithiamu ikikasirika inatoa moto usiozimwa kwa kupepewa na kanga. Sisi wa huku West Nile tumezoea kuchaji kwa kuvizia. Kabla laini ya umeme wa taifa haijatufikia mwaka 2024, tulitegemea bwawa la umeme la Nyagak kule Zombo na majenereta, na nyumbani tuna betri ya sola ya volti 12 kwa taa na televisheni. Alichajia kwenye sola. Kuna usiku wa mpira ambapo taa zilififia, picha ikakata penalti ikiwa inapigwa, na majirani waliokuja kutazama wakageuka kumtazama yeye.

Kwa usalama, betri ilichajiwa ndani ya chungu chenye mchanga. Ushauri huo ni mzuri. Chungu kilikuwa cha mama mkwe, alichotuazima tukipikie mboga.

Betri ya zamani, ya seli tatu, ikasahauliwa kabatini ikiwa imejaa. Hizi zikiwekwa muda mrefu zishushwe hadi volti 3.8 kwa seli. Ukiziacha zimejaa kwenye joto zinachakaa, na nyingine zinafura. Yetu ilifura hadi plastiki ikakaza. Betri ya hivyo haitobolewi, haichajiwi, haitupwi kwenye moto wa takataka. Tuliiweka uani juu ya mchanga, tukaiunganisha na taa ya gari, tukaiacha iwake hadi ikafa kabisa, watoto wakiwa mbali.

Ikaja Idi. Tukapanda Koboko wote, ndege imevaa kidhibiti kipya, seli nne, na propela ileile ya inchi 10. Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Habuba, alikuwa ametandika mkeka chini ya mwembe: kuku, gurusa, mchuzi, vyote vimefunikwa kwa kawa alizosuka mwenyewe. Akauliza kama mtu mzima aliyeoa hana shughuli nyingine siku ya Idi. Mume wangu alikuwa na jibu tayari. Akamweleza kwamba tarehe 30 Juni 1957, kule Uingereza, ofisa mzima wa jeshi, Kanali Taplin, alirusha ndege ya namna hii kwa umeme wa betri, na mruko wake ukaingia kwenye kumbukumbu kuwa wa kwanza.

Koboko cheo cha kanali hakimtishi mtu, wamewaona. Habuba akafunika kuku vizuri, akauliza, "Na mkewe alisemaje?"

Mwenyekiti akakimbia, akaachia. Ndege haikupanda, ilichomoka. Wanaume wakashangilia. Ikazunguka shamba mara moja kwa kasi ambayo macho yalikuwa yanachelewa kuifuata, mume wangu anacheka peke yake, kisha akaishusha kwa nguvu zote ipite chini mbele yetu, na kuivuta ipande. Hesabu ile ile ilikuwa inamngoja hewani. Mwendo ukizidi kwa theluthi, nguvu inayolikunja bawa inaweza kufika karibu mara 1.8, na kilichokuwa kinalishika bawa ni vijiti vya mishikaki. Tulisikia "ka!" Bawa la kushoto likaenda upande wake. Mwili ukaja upande wetu.

Akakata mota, na kwa bahati sote tulikuwa tumesimama pembeni kutazama. Ndege ikaangukia mkeka, pua ikazama ndani ya kawa kubwa na kubaki imenasa, mkia juu, sarafu za shilingi 200 zikimwagika kwenye majani. Nilizitambua. Kuku alikuwa salama chini yake. Mota ilikuwa imechemka hadi haishikiki. Habuba aliinua kawa pamoja na ndege, akampa mwanawe vyote viwili, akasema: "Mwanangu, kula kwanza. Halafu utanisukia nyingine."

Anasuka. Vidole vyake si vibaya, na mama mkwe anasema ataimaliza.

Ndege imerudi kwenye seli tatu, betri mpya. Bawa ni jipya, sarafu zimerudi juu ya kabati, na kwa uzito wake wa kuzaliwa inaruka dakika nane hadi kumi bila kulalamika, hata kwa hewa yetu hii. Mwenyekiti anasema sasa ndiyo inaruka vizuri, na mimi sina la kuongeza.

Kile kidhibiti cha ampea 60 kinauzwa. Ni kizima, kimeruka mara moja. Anayekitaka afike kwetu Arua na fedha taslimu, na betri ya seli nne tutampa bure, mradi aondoke nayo siku hiyo hiyo. Chungu hakiuzwi, mwenyewe anakidai.